Firigisi ya Baba Mkwe na Bata Mzinga wa Hotelini

Oveni yetu, kwa miaka sita tangu tuinunue, ilikuwa kabati la masufuria. Msinicheke, kafungueni kwanza za kwenu. Jiko la juu linapika, na oveni ya chini inatunza sufuria kubwa za sherehe, mifuniko isiyojulikana ni ya nini, na kikaango kilichovunjika mkono ambacho mume wangu hataki kitupwe. Ndiyo maana mdogo wangu alipopiga simu asubuhi ya siku ya pili ya Krismasi akasema, "Dada, washa oveni, nakuletea bata mzinga," kitu cha kwanza nilichofanya ni kupiga magoti jikoni na kuanza kuhamisha vyombo.

Mdogo wangu ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii upande wa mlimani. Jana yake kundi la wageni lilighairi kuja, bata mzinga mmoja akabaki mzima, ameshaokwa, amepakwa asali na maji ya machungwa mpaka ngozi inang'aa kama meza mpya ya fundi. Mkubwa wake wa kazi akamwambia amchukue. Naye akanikumbuka mimi, kwa sababu alijua mchana ule nina mgeni, na alijua vizuri jinsi mgeni huyo anavyonitesa bila kusema neno.

Mgeni alikuwa baba mkwe wangu. Ni Mmeru wa Akheri, mzee wa kanisa, mtu wa kahawa, migomba na ng'ombe wawili. Mke wake alifariki miaka miwili kabla ya Krismasi ile, na tangu hapo mzee alikuwa anakonda. Koti lake la Jumapili lilionekana kama ameazima kwa mtu mwingine. Kila akija kwetu Moshono anakula mtori wa ndizi bakuli mbili, anakunywa maziwa mgando, lakini nyama hagusi. Ukimwekea kuku, anamgeuza upande huu, anamgeuza upande ule, kisha anasema, "Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki."

Sasa mimi ni Mnyaturu. Nimezaliwa Kijenge, hapa hapa Arusha, na Singida walikotoka wazazi wangu nimefika mara nne tu, lakini nchi nzima inajua kuku ni wa Singida. Mtu wa Singida kushindwa kumlisha mkwe wake kuku ni aibu isiyo na pa kujificha. Mawifi zangu walikuwa wameanza kuulizana kwenye simu kama baba yao akija kwangu anashinda na njaa. Mume wangu aliniambia niwapuuze. Sikuwapuuza hata siku moja. Nilitaka jambo moja tu: mzee ale nyama mezani kwangu, ashibe, arudishe mashavu yake.

Na msidhani nilikuwa nampa shingo na mabawa. Kila nilipochinja, firigisi ilikuwa yake. Hilo halina mjadala: firigisi ni ya baba wa nyumba, na baba wa baba akiwepo, ni ya huyo. Mume wangu alikuwa anaisogeza mwenyewe kwenye sahani ya baba yake, mbele ya wote, huku amejaa furaha. Mzee anaitazama, anashukuru, anatoa leso, anaifunga vizuri na kuitia mfukoni. "Nitaimalizia nyumbani," anasema. Sisi tuliona ni heshima kubwa sana. Lakini mbwa wake wa Akheri, ambaye humbwekea hata mchungaji wa usharika, akiniona mimi alikuwa anajigaragaza chini kwa mapenzi, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Saa tano na robo mdogo wangu akafika na bata mzinga kwenye beseni, amefunikwa, pamoja na chupa ya mchuzi mzito wa kahawia na kikopo cha ile asali ya kupaka. Akanipa masharti kama daktari anayemwacha mgonjwa mahututi. "Dada, huyu ameshaiva. Humpiki, unampasha. Ukimpika mara ya pili utakula mbao. Mimina vikombe viwili vya maji ya moto ndani ya trei, weka siagi humo. Mfunike na foili, ubane kila upande, mvuke usitoke. Moto mdogo. Usimpake asali sasa, itaungua kabla nyama haijapata moto. Saa moja na nusu. Chomeka kisu kwenye paja, kitoe, kiguse na mdomo. Kikiwa cha moto, basi. Hapo ndipo unafunua, unapaka asali, unamrudisha dakika kumi tu. Na usifungue fungue."

"Moto mdogo ni namba ngapi?"

"Mia na sitini."

Akainama kutazama swichi ya oveni. Namba zote zilikuwa zimefutika kwa kusuguliwa, maana mimi ni mtu wa usafi. Akanitazama, akakisia, akazungusha, akaondoka kuwahi kazini akitikisa kichwa.

Nilikuwa nimeshamwingiza ndege ovenini mume wangu alipoingia jikoni akinusa. Watoto walikuwa wamelala kwa bibi yao Kijenge, kwa hiyo hakuwa na mtu mwingine wa kumsumbua.

"Huyu amepikwa lini?"

"Jana."

"Kwa hiyo baba anapewa kiporo?"

"Kiporo ni kilicholiwa kikabaki. Huyu hajaguswa na mtu."

"Lakini amelala."

"Hata wewe umelala, na bado tunakuita baba mwenye nyumba."

Akachungulia kioo cha oveni. Kisha akatoa wazo lake, ambalo ndilo wazo la kila mtu nchi hii akiona nyama ya jana: tumkatekate, tuweke vitunguu na nyanya, tumkaangize, iwe rosti. Nilimwambia asali ya machungwa haikaangizwi na nyanya. Akasema nyama isiyopitia kitunguu haijapashwa, imepigwa joto tu. Kisha akafungua oveni "kuona kama anaendelea vizuri." Mvuke wote ukampiga usoni. Baada ya dakika kumi akaifungua tena. Mara ya tatu nilichukua kigoda, nikakiweka mbele ya mlango wa oveni, nikakalia.

Nikiwa pale nimekaa kama mlinzi, nikaanza kugawa chakula kichwani. Paja hili la mume wangu. Kidari cha mzee. Firigisi...

Niliruka. Firigisi ilikuwa wapi? Bata mzinga aliletwa tumbo tupu, safi, limewekewa vipande vya machungwa tu. Nikampigia mdogo wangu.

"Firigisi ya huyu ndege iko wapi?"

"Firigisi gani, dada?"

"Ana firigisi ngapi? Ile yake! Ya mzee!"

"Ahaa. Wageni wetu hawali firigisi kwenye sahani. Tuliichemsha pamoja na shingo na maini, tukaisaga kwenye mashine. Ndiyo huo mchuzi wa kwenye chupa."

"Mmesaga firigisi?"

"Laini kabisa, dada. Hata haionekani."

Anasema hata haionekani, kama vile ananipa habari njema! Nilikata simu bila kumuaga. Miaka miwili mzee hajala nyama kwangu, na siku ambayo nimepata nyama ya kifalme, heshima yake imesagwa ikawekwa kwenye chupa ya juisi. Nilifikiria kukimbia kununua firigisi ya kuku, lakini siku kama ile nani angekuwa amefungua, na isitoshe mzee amefuga maisha yake yote. Firigisi ya kuku na ya bata mzinga angezitofautisha akiwa amefumba macho. Nikaamua nitasema ukweli na Mungu anisaidie.

Saa saba mzee akafika kwa bodaboda, koti mwilini, mkungu wa ndizi umefungwa nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mnaendeleaje na sikukuu?"

"Tunamshukuru Mungu. Karibu ndani."

Kwa wakwe zangu, mke wa mtoto na baba mkwe hawaangaliani sana usoni. Mimi na yeye kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunazungumza kupitia vitu: mvua, ng'ombe, sahani. Hata siku ile niliweka sinia mezani nikiwa naitazama meza. Na lilikuwa sinia la kutazamwa. Nilikuwa nimefuata masharti yote, nimepaka asali mwishoni, dakika kumi nilizihesabu kwa saa ya ukutani, na mume wangu alipochomeka kisu kwenye kidari, maji ya nyama yalitiririka mpaka kwenye kitambaa cha meza. Sijawahi kufurahi hivyo kwa sababu ya kitambaa kuchafuka.

Mzee akaomba, na sala za mzee wa kanisa mnazijua, asali ikaanza kuganda. Akasema amina. Mume wangu akaanza kutafuta firigisi kwenye sinia kwa uma, akageuza hapa, akageuza pale, akanitazama.

"Baba," nikasema, nikiiangalia bakuli ya mchuzi, "firigisi yako imo humu. Hotelini wameisaga. Naomba unisamehe sana."

Mume wangu akaweka uma chini. Mzee naye akaitazama ile bakuli.

"Wameisaga yote?"

"Yote, baba."

"Hamna vipande?"

"Hata kimoja."

Akavuta bakuli. Akaweka nyama ya kidari kwenye sahani yake, vipande vitatu, akaichambua kwa vidole, nayo ikachambuka bila ubishi, kisha akamimina mchuzi mpaka nyama ikazama. Akaanza kula. Alikula taratibu, akaongeza nyama, akamimina tena mchuzi. Dada mkubwa wa mume wangu akapiga simu wakati huohuo, na mume wangu akatoka nayo mbio mpaka uani kwenda kutangaza kwamba mzee anakula nyama, kwamba ni kweli, kwamba haoti.

Tukabaki wawili.

"Mama yenu alikuwa ananisagia," mzee akasema, akiongea na sahani. "Kwenye kinu. Miaka minne. Kila nyama ngumu, na firigisi zote. Alikuwa anafunga mlango wa jikoni, anafungulia redio, ili mtu asisikie anachotwanga."

Nikauliza kitu ambacho mkwe hamuulizi baba mkwe.

"Ni meno, baba?"

"Haya ya mbele ni ya salamu tu. Ya kutafunia yameisha."

"Lakini kwa nini hukutuambia?"

"Nimwambie nani? Mtoto wangu ananipa firigisi mbele ya watu, uso umemjaa furaha. Nimwambie baba yake haiwezi?"

Niliona aibu, na niliona hasira pia, sijui nilimkasirikia nani. Miaka miwili nilikuwa naona ananidharau kwa sababu mimi si wa kwao. Miaka miwili nilikuwa nabadilisha viungo, nachoma, nachemsha, nabanika, naapa kwamba safari hii atakula. Na yeye alikuwa anakaa pale na njaa yake, analinda furaha ya mwanawe na kumtunzia marehemu siri yake. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Nilinyanyua macho nikamwangalia usoni, na yeye akaniangalia, na mbingu haikuanguka.

Mume wangu akarudi. "Mnaongea nini?"

"Huyu ndege," mzee akajibu. "Mkeo amempasha vizuri sana. Hakukauka."

Mpaka leo mume wangu anaamini ni asali iliyomlisha baba yake. Akisoma hapa atajua vingine, na namwomba akishajua aendelee kujifanya hajui.

Jioni nikamsindikiza mzee mpaka getini. Nikamwambia, "Baba, Jumapili ijayo nachinja kuku. Naomba uje."

Alikuwa anavaa kofia yake na alichukua muda kuiweka sawa. "Na firigisi?"

"Firigisi ni yako, baba, kama siku zote. Kinu ninacho. Na redio pia ninayo."

Akapanda bodaboda, akakaa vizuri, akamgusa dereva bega asubiri kwanza.

"Uweke kwaya," akasema. "Mama yenu alikuwa anaweka kwaya."