Kidole cha Mama Habiba

Ndugu wasomaji, tangu juzi askari wa hapa Garissa wananicheka waziwazi. Mimi ni daktari, na hata vita hivi vya shifta, waasi wenye bunduki, havijanizuia kuchunguza jinsi mishipa ya fahamu inavyopona baada ya ubongo kuvimba. Juzi asubuhi Mama Habiba, aliyepooza miguu kwa ugonjwa huo, alichezesha kidole gumba cha mguu. Nikatoka mbio hadi uani mwa hospitali nikipiga kelele, “Mishipa! Mishipa imeamka!”

Watu wote wakalala chini. Koplo wa langoni akanielekezea bunduki.

“Shifta wako wapi?”

“Nimesema mishipa, afande! Ya mguu!”

Hakuniamini. Akaniingiza wodini mikono juu.

“Wallahi, daktari wangu ameiba nini?” Mama Habiba akauliza.

Nikamwomba amwonyeshe koplo kidole. Kikacheza tena. Wauguzi walikuwa wakinicheka, mikono yangu ingali juu, lakini kwa fahari sijawahi kujiona mrefu vile.