Kikohozi cha Kwenye Sahani

Bibi yangu huniita mke mwenza, kwa hiyo nami sina adabu naye. Tunaishi Alby, huku Sweden, ghorofa ya tano: mimi, mama, bibi, na sahani moja ya santuri iliyozongwa kwenye kanga, nzito kama kigae, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa.

Anayeimba humo ni baba yake bibi. Alirekodi wimbo mmoja, akarudi nyumbani Tanga, akaugua, akafa. Enzi hizo sahani ziliuzwa kwa katalogi: unachagua, unatuma hela kwa posta, unasubiri. Mkewe alikuwa ameshaagiza. Kifurushi kikafika naye yuko eda.

"Ikapigwa kwenye gramafoni ya jirani," bibi husimulia. "Kabla hajaimba, akakohoa. Koh-koh, vilevile kama alipokuwa akifika mlangoni. Mimi nikaitika, 'Abee, baba,' nikazunguka nyuma ya sanduku kumtafuta."

"Ukamkuta?"

"Nilikuta buibui. Sura kama yako."

Tangu aje Sweden hakuwahi kuisikia tena. Mashine za siku hizi haziiwezi. Halafu majira haya ya baridi nikaokota gramafoni ya kuzungusha kwa mkono kwenye soko la mitumba, Norsborg. Mzee aliyeniuzia alinionya: sindano ni ya chuma, inakwangua, na sahani iliyochoka inaweza isifike mwisho. Nikamwambia bibi hivyohivyo.

Aliipapasa kanga bila kunitukana, jambo ambalo nyumbani kwetu ni dharura.

"Iweke," akasema. "Nataka nimsikie kabla sijamfuata."

"Basi nirekodi kwa simu."

"Simu hiyo iliyojaa paka wanaocheza muziki? Baba yangu hakai humo."

"Lägg av, bibi!" nikamjibu kwa Kiswidi: acha hizo.

"Na unijibu kwa lugha ya binadamu."

Saa tisa mchana, nje giza tayari. Nikazungusha mpini wa gramafoni, nikashusha sindano. Kwanza ukaja mchakacho kama mafuta ya moto yakitiwa samaki. Kisha, koh-koh. Mtu akakohoa sebuleni kwetu. Nilikuwa nimeandaa utani wa buibui, nikausahau. Sauti ikaanza kupanda, nyembamba, ya mbali, ikapata neno moja, labda mawili. Tak. Sahani ikapasuka katikati, vipande vikaendelea kuzunguka.

Bibi hakulia. Aliviokota, akavifunga tena kwenye kanga kwa utaratibu wa mtu anayefunga mtoto mchanga. Wiki nzima hakuniita mke mwenza. Hata nilipotia chumvi kwenye chai yake, aliinywa tu.

Hapo ndipo nikaogopa kweli. Siku moja nikatoka shule, nikafungua mlango, na badala ya hodi nikakohoa. Koh-koh, nzito, kwa kifua, kama nilivyoisikia. Nilitaka anirushie ndala tu. Anitukane. Chochote.

"Abee, baba," jikoni kukaitika.

Ilikuwa sauti ya mtoto. Vinyweleo vikanisimama mpaka shingoni.

Bibi akatoka na mwiko mkononi. Akaniangalia, kisha akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, kwenye ngazi. Hapakuwa na mtu. Taa ya ngazi ikajizima.

"Bibi, ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe, mke mwenza. Mimi si kichaa." Akaushusha mwiko. "Kohoa tena."

Nikavuta pumzi. Kilichotoka kilikuwa kizito kuliko kifua changu.

"Abee," akasema bibi, na akaacha mlango wazi.