Simu Kwenye Kopo la Biskuti

Nichekeni, nimestahili. Video ya WhatsApp ilionya kwamba wimbi la sumakuumeme kutoka angani lingeunguza simu na magari. Nikaizungushia simu yangu karatasi ya foili, nikaifungia kwenye kopo la biskuti, na betri ya gari nikaing'oa. Nikajiona mjanja kuliko Kerege nzima.

Kesho yake jioni jirani alinipa pole: kaka yangu wa Kiwangwa amefariki, na ameshazikwa. Nilifika msibani usiku kwa bodaboda.

"Baba mdogo," mwanawe aliniuliza, "tumekupigia tangu alfajiri. Wewe ndiye wa kushuka kaburini kumpokea. Tukangoja mpaka alasiri, akashuka jirani yetu wa hapa. Simu ilikuwa wapi?"

Nikajibu mbele ya watu wote mkekani. Hakuna aliyecheka.