Uduvi wa Kuagiza Dubai

Juzi nimempigia mama simu, nikamuuliza nikija likizo nimletee nini. Mimi nilishajipangia blanketi zito la maua, au pasi. Mama akasema, "Niletee uduvi."

"Uduvi upi, mama?"

"Huu huu wa kula. Nasikia huko upo wa pakiti. Huku hakuna."

Ndugu yangu, nilikaa kitandani pale Naif, mtaa wetu wa Dubai, kitanda cha juu, kichwa kinagusa dari, nikashindwa hata kucheka. Nyumba yetu iko Kilwa. Ukitema mate kwa nguvu yanafika baharini. Sasa uduvi, vikamba vidogo kuliko kucha, utoke jangwani, upande ndege, uende kuwasalimia watu wa pwani!

Kinachonichosha zaidi ni kazi yenyewe ninayofanya huku. Nilikimbia tope, tope likanitangulia Dubai likanisubiri na buti. Tunapanda mikoko pembeni ya khori, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, jua linatukaanga, msimamizi nyuma yetu, "Yalla, yalla!" Mwenzangu Mkenya wa Kakamega haachi kulalamika. "Buda, hii miti haina matunda, haina kivuli. Huyu arbab, bosi wetu, amelogwa?"

Nikamwambia, "Maneno hayo bibi yangu alishayasema, tena kwa mdomo mchafu kuliko wako."

Nilipokuwa mdogo bibi alikuwa anatanda uduvi. Yeye na jirani wanaingia majini mpaka kiunoni, huyu kashika ncha za chandarua huku, yule kule, wanazoa. Ukitoka shule harufu inakupokea njiani. Umeanikwa kwenye mkeka, na kazi yangu mimi ilikuwa kufukuza kuku wasiudonoe. Kuku walionewa tu, mwizi nilikuwa mimi. Jioni unakaangwa na kitunguu, unatiwa tui, ugali wa muhogo pembeni. Usiniambie habari za biriani.

Kisha watu wakaikata mikoko. Huyu boriti za nyumba, yule kuni za tanuri la chokaa. Pwani ikabaki visiki na tope, uduvi ukapotea. Bibi anatanda asubuhi nzima, anarudi na majani na ndala ya mtu. Usiku ugali na chumvi. "Kula, mume wangu," ananiambia, "kitoweo kimesafiri."

Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Singida, hata kuogelea hajui. Akasema mikoko ndiyo nyumba ya uduvi na ya watoto wa samaki, mmebomoa nyumba, wao wakae wapi? Akatutoa darasani tukapande. Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa bara anatufundisha bahari! Tupande miti isiyo na matunda wala kivuli! Kesho atatufundisha kukuna nazi!"

Mara ya kwanza tulipanda kama tunavyopanda muhogo kwetu. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama kijiti, basi tukailaza, tukaifukia, tukaenda zetu kucheza. Ikaoza yote. Mwalimu akavua viatu, akakunja suruali, tukaanza upya, safari hii kila moja imesimama. Wazee wakakataa kumpa pwani nzima. Wakamwambia achukue upande wa shule, upande wa kisimani awaachie, wasije wakakosa pa kupita kwa ajili ya vijiti vyake. Bila kujua wakawa wamempa ushahidi: huku kumepandwa, huku kuko uchi, mwenye macho aangalie.

Mpaka namaliza la saba, upande wa shule ulikuwa kichaka. Walirudi kaa kwanza, kisha ndege, kisha uduvi. Hata mawimbi ya masika yaliyokuwa yanakula uwanja wetu wa mpira, yakifika pale yanachoka. Kule kisimani bahari ikaendelea kula mchanga, na maji ya kisima yakaanza kuingia chumvi.

Bibi sasa. Kashasema sana, atarudi nyuma vipi? Anatoka nyumbani na chandarua, anaelekea kisimani huku watu wanamwona, ukigeuka tu yuko katikati ya mikoko ya mwalimu.

"Shoga, wewe huku?" jirani anamuuliza.

"Nimepotea njia."

Kila bamvua, maji yakikupwa sana, bibi anapotea njia, anarudi na ndoo imejaa. Mwalimu akikutana naye, "Shikamoo bibi. Leo umepotea tena?"

"Marahaba. Tena vibaya."

Hiyo ndiyo asante pekee aliyopata yule mtu. Baadaye akahamishwa. Bibi naye akatangulia.

Basi juzi kwenye simu nikamuuliza mama, "Na ile mikoko ya mwalimu?"

"Aa, ilikatwa. Uduvi ulikuwa umejaa tele, watu wakaona miti yenyewe imekaa bure."

Imekaa bure! Jamani! Mtu anakula kuku akishiba anachoma banda, halafu anapiga simu Dubai kuagiza yai!

Leo Mkakamega kalaza mbegu topeni, anaifukia kama muhogo. Nimempigia kelele mpaka msimamizi akaacha kusema yalla. "Isimamishe! Isimamishe wewe! Unataka na huku waagize uduvi?" Kanitazama kama mwehu.

Pakiti nimeshanunua, dukani hapa chini. Nimeifungua kidogo, nikanusa. Chumvi tu, haina mkeka, haina kuku. Nitampelekea mama, nifanyeje. Ila najua nikifika nitashuka pwani, na upande wa shule na upande wa kisimani vitakuwa kitu kimoja, tope na visiki. Bibi angekuwa hai angebeba chandarua chake akatoka, na asingekuwa na pa kupotelea.