Mnyama Ndani ya Kopo la Tante Masika

Asubuhi za Vulamba, mtaa wetu wa Butembo, zilikuwa na ukungu mzito, hivyo tulimsikia mwalimu wetu, Tante Masika, kabla ya kumwona: jiwe likigonga kopo la maziwa ndani ya mkoba wake. Hata leo, kitu kikigonga bati, nanyoosha mgongo kama mwanafunzi.

Lilikuwa jiwe jeusi alilopewa na padri mmoja alipokuwa akisoma Beni. Juu yake, msomaji wangu, alilala mnyama mdogo kuliko punje ya mtama, ndugu wa mbali wa kaa, aliyeishi katika bahari ya kale na kugeuka jiwe. Sisi watoto wa Butembo bahari tuliijua kutoka Biblia tu.

Ilikuwa wakati wa vita. Askari walikuwa wamehamia shuleni kwetu na kuchoma madawati, basi mwalimu wetu huyo akatufundishia katika ghala la parokia, lililonuka kahawa na viazi vya kutoka kijiji cha Kipese. Siku moja, tukiwa tumejipanga kumchungulia mnyama kwa lenzi, kamanda akaingia. Alitaka na ghala pia. Tukilikosa, mwaka wetu wa masomo ulikuwa umekwisha.

Macho yake yakatua kwenye kopo.

"Ile jiwe ni coltan, ile madini ya pesa?"

"Hapana, commandant. Ni munyama."

"Munyama? Leta nione."

"Panga mulongo. Batoto ndio balifika mbele."

Kamanda alimtazama mwanamke yule mfupi mwenye vumbi la chaki kwenye kitenge. Kisha, bunduki mgongoni, akasimama kwenye mstari nyuma ya Kahindo, mdogo wetu kuliko wote.

"Papa, usinisukume," Kahindo akamwambia, kama tulivyowaita wanaume wote wazima.

Zamu ya kamanda ilipofika, aliinama muda mrefu.

"Macho yake iko wapi?"

"Haikuwa na macho."

"Na bahari yake?"

"Ilikauka. Yeye anabakia."

Akarudisha lenzi kwa mikono miwili. Habari ya ghala hakuitaja tena, na mwaka ule tuliumalizia humo humo, tukifaulu kwa kelele.

Nilidhani mnyama ndiye aliyemshinda. Ukubwani nilielewa kwamba Tante alikuwa ameshinda mapema zaidi, alipomfanya mwanafunzi. Miezi ile tulizoea milango inayofunguliwa kwa teke na kuachwa wazi. Siku ile kamanda alitoka, akageuka, akashika kitasa, akatufungia mlango polepole, kama mtu anayetoka darasani na kuwaacha wenzake wakisoma.