Klorini na Majani ya Mkunazi

Yule bwana afya tulimkaribisha wenyewe. Hakuvunja mlango, hakuja na askari. Alibisha hodi pale kwetu Kibokoni, Mji wa Kale, viatu vimejaa tope la ile mvua ya Elinino iliyokuwa haijui kukatika, na mamangu akamwambia, "Karibu, mwanangu, mgeni hasimamishwi mlangoni." Tukamkalisha barazani, tukamtilia kahawa, tukamwekea halua kwenye kisahani. Ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akiuliza hujibiwa, tena kwa uso mkunjufu.

Naye akauliza. Wangapi mtaa huu wamekufa kwa kuhara? Mimi na ulimi wangu mwepesi nikamtajia nyumba kwa nyumba. Nani huwaosha? Hapo nikajitia makuu. "Wanawake wote wa hapa huoshwa na mamangu," nikamwambia. "Hakuna asiyemjua." Kwa maji gani? "Ya kisima chetu hiki hiki cha uani." Akaandika. Akaomba kahawa ya pili, akaandika tena. Mama alikuwa akitabasamu, na mimi nikaona nimempa sifa yake mbele ya serikali.

Lo! Ujinga mtupu.

Mama aliosha maiti tangu mimi sijaota meno. Majani ya mkunazi aliyakausha mwenyewe juu ya sakafu ya ghorofani, akayaweka kwenye kikapu kidogo cha ukindu pamoja na kafuri na pamba. Akiitwa, alibeba kikapu chake akaenda, aliyekufa awe ni mke wa tajiri au mpishi wa vitumbua. Aliyafikicha majani ndani ya maji mpaka yakatoa povu, kisha akawa anazungumza na maiti polepole kama anayemwogesha mtoto: "Haya, mama, geuka kidogo, nikuoshe na huku." Kila akirudi alinishika mikono na kuniambia, "Siku yangu, mikono iwe hii yako. Usimwachie mtu." Nami nilimjibu, "Mama nawe! Yako mbali hayo."

Sasa nieleze habari ya maji, maana hasira yangu imelala hapo. Mfereji wetu ulikuwa umekauka miaka. Ukiufungua ulitoa pumzi tu. Tulipeleka barua, tukapeleka wazee wenye kanzu zilizopigwa pasi, wakaambiwa ngojeni, wakangoja. Hivyo tukanywa visima, na visima vya Mji wa Kale vimepakana na vyoo vya shimo kwa sababu nyumba zenyewe zimepakana. Tulijua hivyo. Hatukuwa wajinga, tulikuwa na kiu.

Mimi alasiri nilikuwa nikienda Kizingo, mtaa wa wenye mali, kusomesha watoto Kurani kwenye nyumba moja kubwa. Siku moja mvua yanya, nami nimejifunika mfuko wa plastiki kichwani, nikamkuta mtunza bustani anayamwagilia majani kwa mpira. Nikamuuliza, "Baba, wamwagilia nini na mvua yote hii?" Akasema, "Nimeambiwa kila siku saa kumi." Nikasimama nikiyatazama yale maji yakipita kando ya viatu vyangu na kuingia mtaroni. Wallahi nilitaka kuyakinga kwa mikono.

Na kule Kizingo pia mtu alikufa. Nyumba ya pili kutoka pale niliposomesha, mzee mwenye cheo, Mwislamu kama sisi. Alihara siku mbili, akatapika, akaisha. Nilikwenda kutoa mkono wa tanzia pamoja na mama wa wanafunzi wangu. Alioshwa nyumbani kwake kwa maji ya mfereji, akavishwa sanda, akaswaliwa, magari yakajaa barabara nzima. Nikauliza kwa adabu maradhi yalikuwa nini. Nikajibiwa, "Tumbo."

Siku nne baada ya kunywa kahawa yetu, bwana afya alirudi na lori. Safari hii hakuketi. Watu wake walimwaga chokaa kisimani, wakakifunika kwa bati, wakapitisha mnyororo na kufuli. Karatasi ikabandikwa ukutani nje ya msikiti: kuosha maiti majumbani ni marufuku, maiti wote wa kipindupindu watatiwa kwenye mifuko na kuzikwa na watu wa afya. Redioni akasemeshwa mkubwa wa afya wa mji mzima, akasema ugonjwa unaenezwa na mila za wakaazi wa Mji wa Kale. Mila zetu! Mfereji mkavu nao ulikuwa mila yetu? Lori la maji safi lilikuja mara moja tu, likasimama barabara kubwa kwa sababu vichochoro vyetu halipiti, likakaa muda wa sala moja, likaondoka.

Nisieleweke vibaya. Najua maradhi yale huambukiza. Kama walitaka tuoshe kwa dawa, wangetuletea dawa na glavu, wakatufundisha. Mama angejifunza kwa nusu saa. Lakini kutufundisha kulitaka mtu aketi nasi, na wao walishaketi, wakanywa, wakaandika walichokitaka.

Majirani walijua maneno yametoka kwangu. Wengine hawakuniitikia salamu. Mama peke yake hakunilaumu. Alikaa karibu na lile bati, kikapu chake mapajani, akasema, "Wewe ulisema kweli, mwanangu. Kweli si kosa lako." Kisha akauliza swali ambalo lilinikata maini: "Basi mimi watanitia kwenye mfuko?"

"Hawakutii popote," nikamwambia. "Mikono hii ipo."

Kisima kikiwa kimefungwa, watu walikinga maji ya mvua kwenye mabati yenye kutu na hata kwenye mitaro ya barabarani. Ugonjwa ukazidi badala ya kupungua. Mama akashikwa siku ya Jumatano asubuhi, na kufikia adhuhuri macho yake yalikuwa yameingia ndani na ngozi ya mkono ukiivuta hairudi. Tulimkalisha kwenye kiti, mimi na jirani mmoja, tukambeba kichochoro hadi kichochoro mpaka kwenye mahema ya wagonjwa waliyoyapiga watu wa afya nyuma ya zahanati moja. Nilikibeba na kikapu chake.

Mlangoni pana meza, na mezani pana karani. Mama anatapika, yeye anauliza kabila. "Mbajuni," nikasema. Akapitisha kalamu juu ya fomu, chini, juu. "Hakuna Mbajuni hapa." Nikamwambia, "Vipi hakuna, naye huyu amekaa mbele yako?" Akaandika *Wengineo*. Kisha akataka kipande cha mgonjwa, kile kitambulisho cha serikali. Mama hakuwa nacho. Mara tatu alikwenda kukiomba, na mara tatu aliambiwa alete cheti cha kuzaliwa cha babu yake, mzee aliyezaliwa visiwani kaskazini kabla hata ya ofisi yenyewe kuzaliwa! Hivyo tukawekwa kando tungoje daktari atoe ruhusa. Daktari alipokuja, chupa za maji ya kutia mshipani zilikuwa zimekwisha. Walimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, naye hakuweza tena kumeza.

Alikufa kesho yake asubuhi, jua limeshapanda. Alikuwa ameshika kidole changu kimoja.

Hata sijamfumba macho vizuri, wakaja wawili na mfuko mweusi na bomba la kupulizia. Nikasimama mbele ya kitanda. Nikasema hapana. Nikasema kwa sauti ambayo sijui niliitoa wapi, maana sisi hatukufunzwa kupiga kelele mbele za watu. Akaitwa mkubwa wao, na ni nani kama si yule yule bwana afya wetu.

"Dada, hii ni sheria," akasema.

"Juzi Kizingo ameoshwa mtu nyumbani kwake. Nilikuwepo."

"Yule alikufa kwa tumbo."

"Na mamangu amekufa kwa nini? Kwa meno?"

 Alitazama faili, kana kwamba jibu limeandikwa mle. Nikamwambia, "Halua yetu ulikula. Mikono yake ndiyo iliyokumiminia kahawa. Leo wataka kumtupa kama ganda la ndizi."

Pembeni alikuwapo mama mmoja wa Kigiriama, mfagiaji wa mahema yale, msalaba mdogo shingoni. Siku zote mbili alikuwa akifagia karibu yetu. Akaegemeza ufagio wake. "Bwana," akamwambia yule mkubwa, "kwetu mashambani ndugu zangu walizikwa hivyo hivyo, kwa chokaa, hata jina halikuandikwa. Mpe huyu nusu saa. Buti ninazo, glavu ninazo, klorini ninayo. Nitamsimamia mwenyewe." Bwana afya akatazama saa yake. Akasema anakwenda kunywa chai na kwamba yeye hajui lolote. Akaenda.

Nusu saa! Ndiyo iliyokuwa gharama ya jambo lote lile.

Tukatundika turubai. Yule mama akanivisha aproni ya plastiki na glavu zilizofika viwikoni, akachanganya dawa kwenye ndoo mpaka macho yakaniwasha. Nikafungua kikapu nikafikicha majani ya mkunazi ndani ya maji yale. Hayakutoa povu. Yaligeuka manjano mkononi mwangu, na harufu yake, ile harufu ya utoto wangu wote, ikamezwa na klorini. Nikaanza upande wa kulia kama nilivyomwona akifanya. Yule mama wa msalaba alimimina, mara ya kwanza, ya pili, kwa heshima ambayo sikuiona kwa mtu mwingine mahali pale. Nikamwambia mamangu, "Haya, mama, geuka kidogo, nikuoshe na huku."

Kabla ya mara ya tatu niliitazama ile mipira mikononi mwangu. Mikono iwe hii yako, alisema, na mimi nilimwahidi. Yule mama akanitazama, akaelewa, akageuka akatazama turubai. Nikavua glavu. Nilimwosha uso kwa viganja vyangu, nikampitishia maji masikioni, nikamsukutua kidogo, nikazifunga nywele zake. Kisha nikaitia mikono yangu kwenye ndoo ya klorini mpaka ikachubuka, kwa kuwa nilikuwa nataka kuishi.

Kisima tulikikata mnyororo wenyewe baadaye. Mfereji haukuja. Kizingo waliendelea kumwagilia saa kumi. Na kikapu cha ukindu sasa ni changu, kina glavu na chupa ya dawa kando ya kafuri. Nilizinunua mwenyewe, nikajifunza mwenyewe.

Mwaka uliofuata bwana afya alibisha hodi tena, na fomu mpya. Nilimkaribisha, nikamkalisha barazani, nikamtilia kahawa. Ndivyo nilivyolelewa. Akaniuliza siku hizi maiti wa kike mtaa huu huoshwa na nani. Mikono yangu ilikuwa bado yanuka kafuri ya asubuhi ile. Nikamtazama machoni, nikamwambia sijui.