Kikao cha posa kimegeuka cha fizikia

Jumapili, tarehe 9. Asubuhi ilikuwa ya baridi na upepo wa vumbi, nami nilikuwa nimeshafungua kundi la mtandaoni la harusi ya dada yangu Neema.

Harusi yenyewe haipo.

Neema ana miaka thelathini na sita, ni mfanyakazi wa benki. Alipomwomba baba aitishe kikao cha ukoo hapa nyumbani, mtaa wa Kikuyu, sote tulijua ni posa. Baba mkubwa akatoka Mpwapwa na suti. Shangazi akapika pilau.

Saa nane Neema akasimama.

"Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya fizikia, Korea. Naondoka mwezi ujao."

Jamani, vijiko vikawekwa chini.

Shangazi akauliza, "Kwa hiyo huyo bwana ni Mkorea?"

"Hakuna bwana, shangazi. Ni masomo."

Akasema barua ya kuacha kazi alishaipeleka Ijumaa.

"Kumbe hukuja kuomba ruhusa," baba akasema.

"Nimekuja kuomba baraka, baba. Usiponipa, sipandi ndege."

(Alisomea ualimu wa fizikia. Akaingia benki ili sisi wadogo zake tusome. Nyumbani hatujawahi kulisema hilo.)

Baba akavua kofia, akasimama, nasi tukainamisha vichwa. Akamwombea Neema, akaiombea ndege, akamwombea hata profesa asiyemjua jina.

Mwishoni akasema, "Na utusamehe sisi tuliomchelewesha."

Nilishindwa kuitikia amina.

Ni saa nne kasoro kumi usiku, nazima taa nilale. Nyie mngemwambia Neema nini?